Neno Moja kwenye Jiwe la Padre Vallely

Wageni wakifika hapa chuoni Mtakatifu Fridolini huulizia habari za Mwalimu Malachi Tuohy kwa sababu ya ukali wake. Huambiwa kwamba alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa koti moja jeusi, aliyefundisha Kilatini karibu miaka thelathini na hakuacha kosa la mtoto lipite. Wavulana walimpachika jina la Bwana Rudia. Ukikosea hakupigi wala hakutukani. Anasema tu "Rudia," tena kwa sauti ya chini, nawe utarudia hadi ulimi uote sugu. Yote hayo ni kweli. Lakini lipo kosa moja aliloliacha lipite, nami nilimsaidia, na hadi leo sijaliungama.

Mimi ni Bruda Wendelin. Nilitoka Westfalia nikiwa seremala, nikaweka nadhiri, nikapanda kilima hiki kilicho juu ya mto Ohio, na sijashuka tena ila kwa kwenda kuchagua mbao. Mikono iliponishinda kushika randa nilihamishiwa chumba cha wagonjwa. Nayataja haya ili ujue kuwa sisimulii mambo ya kuambiwa. Zile mbao alizokanyaga babake Malachi, misumari yake niliipigilia mimi.

Ilikuwa mwaka 1851, tunajenga mnara wa kengele. Dermot Tuohy, Mwairishi, alikuwa fundi mwashi wetu, mtu wa kuimba huku akitandaza chokaa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Padre Crispin Vallely, ambaye pia alikuwa mlezi wa wavulana na mwalimu wao wa Kilatini. Kijana wakati huo, sura nzuri, maneno yanateleza mdomoni. Alikuwa amemwahidi Askofu kwamba siku ya kufunga mwaka, akija kugawa vitabu vya zawadi, ataukuta msalaba umeshasimama kileleni. Mbao mpya za jukwaa zilikuwa njiani, zinakuja kwa meli ya mto, na zilihitaji wiki mbili zaidi. Tulizokuwa nazo tulizibandua kwenye jahazi bovu lililolala mvuani misimu miwili. Ukizibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea.

"Padre, mbao hizi zimekufa," Dermot alisema mbele ya mafundi wote. "Mimi nina watoto wadogo. Tungoje meli."

Padre Vallely akacheka. "Ah, Dermot! Mwairishi gani wewe unaogopa kupanda? Pale getini wako wenzako kumi wanaililia kazi hii. Nimwite mmoja?"

Nikasogea. "Padre, fundi anasema kweli. Seremala ni mimi, mbao hizi nazijua."

Akanitazama kuanzia viatuni hadi utosini. "Hivi wewe Bruda, uliweka nadhiri ya utii au ya useremala?"

Mafundi wakaangua kicheko, hata Dermot mwenyewe akacheka kidogo. Mimi nikanywea. Kesho yake asubuhi, kabla ya saa tatu, ubao ukakatika katikati na Dermot akatua kwenye rundo la mawe aliyokuwa ameyachonga mwenyewe. Mkewe, Honora, alipanda kilima mbio, aproni imelowa maji ya kufulia, akamkuta tumeshamfunika turubai. Alishuka nyuma ya mkokoteni uliombeba mumewe, na tangu siku hiyo akasema hatakanyaga tena juu huku.

Msalaba ulisimama siku ile ile aliyoahidiwa Askofu. Gambera wetu wa wakati huo, yaani mkuu wa chuo, alipouliza imekuwaje, Padre Vallely alisema marehemu alikuwa ananuka pombe. Dermot! Mtu aliyeapa mbele ya altare kutoonja tone, na akakitunza kiapo chake! Mimi sikuulizwa. Na mimi, Mungu anajua, sikujitolea kusema.

Chuo kina daftari lake la matukio, huandikwa kwa Kilatini, na mwandishi wake alikuwa Padre Vallely huyo huyo. Aliandika kwamba siku ile Dermot, fundi mwashi, kwa uzembe wake mwenyewe, *occidit*. Hapo sina budi kukusimamisha kidogo. Neno hilo ukilikazia mwanzoni, *óccidit*, maana yake alianguka akafa. Ukilikazia katikati, *occídit*, maana yake aliua. Kwenye karatasi ni herufi zile zile, hakuna alama. Anayejua kutenganisha barabara wapitayo watu na kazi iliyofanywa barabara atakuwa ameshanielewa.

Mwaka uliofuata Malachi aliingizwa chuoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alipewa nafasi kwa huruma, na huruma hiyo Padre Vallely hakuacha kumsimulia kila mgeni. Sasa, bwaloni kwetu hakuna kuzungumza wakati wa kula. Mmoja anapanda kwenye mimbari ndogo ukutani, anasoma kwa sauti, wengine wanatafuna. Akikosea, padre aliyekaa meza kuu anagonga kengele na kusema "Rudia," na msomaji anarudia mpaka apatie. Baada ya kitabu huja ukurasa wa daftari unaolingana na tarehe ya siku hiyo. Tarehe ya kifo cha Dermot ilipofika, msomaji aliyechaguliwa alikuwa Malachi. Mchaguzi alikuwa Padre Vallely. Wapo wanaosema ilitokea tu kwa bahati. Waseme, midomo ni yao.

Siku hiyo ilikuwa kabichi na nyama ya nguruwe ya chumvi. Nilikuwa nagawa mkate. Mtoto akasoma vizuri hadi pale, akaliona jina la babake. Kilatini chake kilikuwa cha mwaka mmoja. Akalikazia neno katikati.

Kengele ya Padre Vallely. "Rudia."

Akarudia vile vile. Wavulana wakubwa wakaanza kuchekea mikononi.

"Rudia! Unasema baba yako aliua. Marehemu alimwua nani, hebu tuambie?"

Bwalo zima likavunjika mbavu. Mtoto ameshika kingo za mimbari, masikio mekundu.

"Hakuua mtu, mwanangu," Padre akaendelea kwa sauti ya upole, ile ya kuwafundishia wageni huruma. "Wala hakuuawa na mtu. Alianguka. Sema alianguka."

"*Óccidit*," mtoto akasema.

"Kwa nguvu, huko nyuma hawasikii."

Nilihesabu. Alirudishwa mara kumi na nne baada ya kupatia. Mara kumi na nne mtoto alitamka kwa kinywa chake, mbele ya watu mia, kwamba babake alianguka tu. Aliposhuka hakula. Nilimpelekea mkate kwenye baraza la chumba cha kufulia, akaniuliza bila kunitazama, "Bruda, lile neno lingine, la kuua, linakaziwa katikati, sivyo?" Nikamwambia ndiyo. "Basi sitalisahau," akasema, na mkate wangu akanirudishia.

Hakulisahau. Alikishika Kilatini kama mtu anayeshika koo la adui. Akiwa na miaka ishirini hakuna padre aliyemfikia. Vyuo viwili vya mashariki, vikubwa kuliko hiki chetu, vilimwandikia barua kumwita. Alizikataa zote mbili, akabaki hapa akifundisha watoto wa wakulima kunyambua vitenzi. Watu walisema ni moyo wa shukrani. Padre Vallely, ambaye sasa alikuwa Gambera, alisema hivyo hata kwenye mahubiri: "Tazameni matunda ya huruma!" Malachi alikuwa amekaa benchi la pili, ameinamisha kichwa. Mimi nilimwona mdomo. Huo haukuwa mdomo wa mtu mwenye shukrani.

Niliwahi kumwuliza waziwazi, tukipukuchua mahindi. "Malachi, huyu mtu unamngojea nini?"

"Namngojea aseme, Bruda. Kwa mdomo wake. Neno moja tu."

"Na asiposema?"

"Basi kitu kingine kitasema badala yake."

Mwaka 1884 Padre Vallely alianguka kitandani, maji yamejaa miguuni na kifuani. Alikuwa mzee anayependwa. Wanawake wa mjini walimletea mchuzi wa kuku, na mimi ndiye niliyemlisha kijiko kwa kijiko. Unaweza kumlisha mtu na kumchukia, nakuhakikishia. Mkono hautetemeki hata kidogo. Alijua haponi, naye alikuwa na jambo moja moyoni: jiwe lake. Alitaka bamba la marumaru ukutani, chini ya mnara, lenye maandishi ya Kilatini kisicho na doa. Nani aandike? Hakukuwa na mwingine. Akamwita Malachi.

Malachi alikuja siku ya tatu, baada ya misa ya asubuhi, na karatasi moja. Mimi nilikuwa nabadilisha shuka za kitanda cha pili.

"Nisomee," Padre akasema.

"Soma mwenyewe, Padre. Macho bado unayo."

Akavaa miwani. Mistari ilikuwa michache. Jina lake. Kwamba aliongoza nyumba hii miaka kumi na tisa. Kisha, kwa herufi kubwa, ALIJENGA MNARA, kwa Kilatini bila shaka, na chini yake neno moja peke yake: OCCIDIT. Mwisho mwaka.

Alianza kusoma kwa raha, anaionja mistari. "Alijenga mnara... *óccidit*." Akatua. "Mbona si *obiit*? Makaburi yote yana *obiit*. Alifariki, basi."

"Hilo limechakaa, Padre. Na wewe si mtu wa neno la kila kaburi."

Mzee akatabasamu, akarudisha macho kwenye karatasi, na tabasamu likamwisha lenyewe. Alikuwa mwalimu mzuri wa Kilatini, hilo sitamnyima.

"Rudia," Malachi akasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema rudia, Padre. Umelisoma vibaya."

Nilisimama na shuka mkononi. Padre Vallely alinitazama, labda alitegemea nimtoe Malachi nje. Nikaendelea kukunja shuka.

"*Óccidit*," akasema, pumzi inamkata.

"Rudia."

"Alianguka, Malachi. Alianguka."

"Nani?"

"Baba yako! Alianguka!"

"Mimi baba yangu sijamtaja, Padre," Malachi akasema. "Tunaongea habari za jiwe lako."

Hapo nilifurahi, na sitajisingizia wema nisiokuwa nao. Mzee alivua miwani. Nilidhani sasa atasema. Malachi alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtoto wa mimbarini. Kama mzee angelitamka neno lile mara moja tu, hata kwa kunong'ona, nafikiri Malachi angeichana karatasi, akalia, akaenda zake.

Padre Vallely akajikusanya. "Bruda Wendelin," akasema, kwa sauti yake ya zamani ya kwenye ujenzi, "wewe ni shahidi. Neno hili lifutwe. Liandikwe *obiit*. Nakuamuru kwa utii."

"Nimesikia, Padre," nikasema.

Malachi akachukua karatasi yake na kutoka. Siku nne baadaye Padre Vallely alifariki, na kengele za mnara zililia saa nzima.

Gambera mpya alikuwa Padre Theodor Kessling, mtu wa hesabu na nyota, Kilatini chake cha kuombea tu. Aliniita ofisini, ile karatasi iko mezani.

"Bruda, Mwalimu Tuohy ananiambia marehemu aliyaona maandishi haya."

"Aliyaona, Padre. Aliyasoma kwa sauti."

"Hili neno la mwisho, sijalizoea kwenye makaburi. Linamaanisha alikufa, sivyo?"

"Linasomeka hivyo, Padre."

"Na yeye mwenyewe aliliridhia?"

Hapo ndipo penyewe. Angeweza kuniuliza kitu kingine chochote. Nilimfikiria mtu mrefu akiimba huku ametapakaa chokaa, na kicheko cha mafundi, na mimi nimenywea. Nilinyamaza kwa ajili ya Vallely miaka thelathini na mitatu. Sasa nikafungua mdomo.

"Aliliridhia," nikasema. "Alisema ndilo hasa linalomfaa."

Jiwe likachongwa. Likawekwa chini ya mnara, mahali wavulana wanapopita mara sita kwa siku. Askofu mpya alilibariki, akasema Kilatini chake ni safi. Malachi alipiga magoti na wengine wakati wa baraka, na nilimwona anauma ndani ya shavu ili asicheke.

Halafu ikaanza kazi yenyewe. Kila mwaka, wiki ya pili ya masomo, Malachi aliwapeleka watoto wa darasa la kwanza mbele ya lile jiwe wasome kwa zamu. Watoto wa mwaka wa kwanza, unawajua, nusu yao hukazia popote. Mmoja anasoma *aedificavit*, yaani alijenga, kwa kosa dogo la irabu. "Rudia." Mwingine anameza herufi. "Rudia." Kisha linakuja neno la mwisho, na mtoto anasema kwa sauti yake nyembamba: alijenga mnara, aliua. Bwana Rudia, ambaye angekusimamisha kwa kosa la nukta, alisema, "Vizuri. Anayefuata."

Watoto si wajinga. Mwaka wa pili walishajua kanuni ya mkazo, wakaanza kuulizana mabwenini. Aliua? Alimwua nani? Wakaulizana likizoni nyumbani, na babu zao waliowahi kupanga mawe ya mnara ule wakakumbuka mambo waliyokuwa wameyameza. Kabla ya miaka mitatu kwisha, mjini hapakuwa na mtu anayesema "Padre Vallely, Mungu amrehemu" bila mwenzake kukohoa. Kina mama walioleta mchuzi wa kuku wakaacha kuleta maua. Mimi nilipita pale kila asubuhi na ndoo yangu, nikalisoma neno lile kwa namna yangu, na siku yangu ikaanza vizuri. Ninyi mlio wapole zaidi yangu nisameheni, au msinisamehe.

Habari zikamfikia Honora, mamake Malachi. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda kwa kufulia watu. Alituma neno kwamba anataka kuliona jiwe. Malachi hakuamini. Alinijia karakana ya zamani, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, anahangaika kufunga vifungo vya koti. "Mama anakuja, Bruda! Anapanda juu! Njoo uwe pamoja nasi."

Alikuja Jumatano ya mwezi Mei, baada ya chakula cha mchana, wavulana wakiwa uwanjani na mpira wao. Alipanda taratibu, akipumzika kila baada ya hatua ishirini, akakataa kiti tulichomletea. Alisimama mbele ya jiwe.

"Mimi sijui kusoma hata jina langu," akasema. "Nisomee, mwanangu."

Malachi akamsomea, akimpa maana ya kila mstari. Alipofika chini aliligusa neno kwa kidole. "Na hapa, Mama, wanasoma kwamba aliua. Kwenye jiwe. Mbele ya watu wote, mwaka hadi mwaka, hata sisi tukishaondoka. Hakuna wa kulifuta."

Bibi aliweka kiganja kwenye marumaru akazipapasa herufi kama mtu anayekagua nguo iliyofuliwa. "Hizi kubwa kubwa hapa juu zinasemaje?"

"Ni jina lake. Crispin Vallely."

"Na la baba yako liko wapi?"

Malachi akanitazama mimi, nami nikaangalia viatu vyangu.

"Namwulizia Dermot," bibi akasema. "Ninyi wawili mna elimu. Mmehangaika na jiwe hili, mmepanga, mmedanganya, najua mmedanganya, sura zenu zinasema. Dermot amelala kule kwenye mteremko miaka thelathini na sita. Hana hata kijiti. Ng'ombe wa watu wanampitia juu. Mwanangu anajua kuandika kwenye mawe, na jiwe la kwanza kuliandika kamwandikia huyu."

"Mama..."

"Niache nipumue."

Alivuta pumzi, mkono bado uko ukutani. Kisha akaukaza mtandio wake kichwani na kuanza kushuka. Malachi alimkimbilia kumshika mkono, naye akauvuta mkono wake, akateremka peke yake, hatua ishirini, anapumzika, hatua ishirini.